Tanzia, Kosa na Hawala: Istilahi za Mchezo wa Huzuni Unapotoka Jukwaani Kuingia Katika Filamu

Kwenye ubao wa matangazo wa shule moja ya sekondari mkoani Mbeya palikuwa pamebandikwa karatasi yenye neno TANZIA kwa herufi kubwa nyeusi, na chini yake: Mfalme Edipode, Jumamosi saa nane mchana, bwalo la chakula, kiingilio shilingi mia tano. Wanafunzi wa kidato cha sita walikuwa wamekwisha kuusoma mchezo huo katika tafsiri ya Samuel Mushi iliyotolewa mwaka 1971, na mwalimu wao alikuwa amepata filamu iliyotokana nao. Mzee mmoja aliyekuja kulipa michango ya mjukuu wake alisimama mbele ya ubao ule, akavua kofia, akasoma mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nikisubiri kuonana na mkuu wa shule. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "huyu mfalme alikuwa wa wapi? Na tangu lini msiba ukawa na kiingilio?"

Nilimwamkia, nikamweleza, akacheka, nami nikacheka. Lakini njiani kurudi mjini kicheko kiliniishia. Sisi tunaofanya kazi ya kukuza istilahi huwa tunahesabu kazi imekwisha neno likishaingia katika orodha na orodha ikishapigwa chapa. Mzee yule hakuwa mjinga wa lugha. Alikuwa ameisoma karatasi kwa usahihi kuliko sisi tulioiandika. Makala haya basi yanakusudia kuyapima baadhi ya maneno tunayoyatumia kuueleza mchezo wa huzuni, hususan pale mchezo huo unapoacha jukwaa na kuwa filamu, maana hapo ndipo walimu, wafasiri na maofisa wengi wanapokwama.

Tuanze na hilo hilo lililomvua mzee kofia. Neno tanzia limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kumfariji mfiwa na kumtakia subira. Katika Kiswahili cha kila siku limekuwa habari ya kifo yenyewe: ndilo linalotangulia tangazo la msiba magazetini, redioni na katika kuta za ofisi. Wataalamu wetu wa fasihi walilichukua neno hili ili litaje aina ya mchezo ambao Wagiriki wa kale waliuita kwa neno lenye maana ya wimbo wa beberu, jina ambalo chanzo chake wenyewe wanabishania hadi leo. Wako wanaosema tumekosea kulichukua, na kwamba ingetosha kusema mchezo wa huzuni. Mimi siafikiani nao, na sababu yangu inatoka mbali kidogo na Athens. Huko Uajemi, neno lile lile la Kiarabu ndilo jina la maigizo ya kidini yanayokumbuka kuuawa kwa Imamu Hussein katika Karbala. Watu huja kutazama, wakijua tangu mwanzo mwisho utakuwaje, na hulia. Kwa hiyo safari ya neno hili kutoka msibani kwenda kwenye maigizo si uzushi wetu. Lilikwisha kuifanya safari hiyo mahali pengine, kwa sababu zinazoeleweka.

Hata hivyo mzee ana haki yake. Palipo na hadhara iliyochanganyika, neno hili lisisimame peke yake. Yaandikwe: filamu ya tanzia, au mchezo wa tanzia. Katika kitabu cha fasihi linaweza kusimama bila fimbo. Hili ni jambo dogo, lakini istilahi nyingi huharibiwa na mahali zilipowekwa, wala si na maana yake.

Jambo kubwa zaidi nililiona Iringa. Darasani palikuwa na kazi juu ya Mukwava wa Uhehe, mchezo wa Mugyabuso Mulokozi uliotolewa mwaka 1979. Mwalimu, kijana hodari na mwenye moyo, alikuwa ameandika ubaoni: "Nini ilikuwa dhambi ya Mukwava?" Kimya kikatanda. Baadaye mvulana mmoja wa viti vya nyuma akasimama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo. Babu yetu hakutenda dhambi." Akaketi. Mwalimu alishikwa na fadhaa, kwani hakukusudia kumtukana mtu. Alikuwa anatafuta tu Kiswahili cha lile neno ambalo Aristotle alilitumia kueleza kinachomwangusha shujaa wa tanzia.

Alilipata wapi neno dhambi? Kwa kuwa katika Agano Jipya neno lile lile la Kigiriki, hamartia, limefasiriwa dhambi, naye alifuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Lakini miaka mia nne hivi imo baina ya Aristotle na mitume, na katika miaka hiyo neno lilibadilika. Kwa Wagiriki wa zamani lilikuwa neno la mpiga mishale: kutupa na kuikosa shabaha. Aristotle asema wazi kwamba shujaa wa tanzia haanguki kwa uovu wala ufisadi wake, bali kwa hilo. Vitabu vingine vya shule vinatupa dosari, kasoro au udhaifu wa shujaa. Haya nayo yanapotosha, maana dosari ni kitu kilichomo ndani ya mtu kama ufa ndani ya chungu, ilhali Aristotle anazungumzia jambo ambalo mtu amelifanya.

Sasa msomaji atazame hazina iliyokuwa chini ya miguu yetu wakati wote. Katika Kiswahili mpiga mshale asiyeipata shabaha ameikosa. Na mtu aliyefanya jambo lisilo sawa amekosa. Kitenzi ni kimoja. Lugha nyingi kubwa za Ulaya hazina bahati hii, na wafasiri wao hulazimika kuandika aya nzima chini ya ukurasa. Sisi tunalo neno kosa, la kawaida mno hata tukalidharau, tukaenda kuazima dhambi kanisani na dosari dukani. Pendekezo langu ni kwamba istilahi iwe kosa, au kosa la shujaa pale panapohitajika kulitenga na makosa ya kawaida.

Swali la mwalimu lilipoandikwa upya kwa neno hilo, darasa lilifunguka. Mmoja alisema Mkwawa aliutumaini mno ukuta wa Kalenga, na mizinga ya Wadachi ikauvunja tarehe 30 Oktoba 1894. Mwingine akasema kosa lilikuwa ushindi wenyewe wa Lugalo mwezi Agosti 1891, alipouawa Zelewski, kwa kuwa ushindi ule uliwafanya Wadachi wasiweze tena kusuluhisha pasipo kuaibika. Yule mvulana wa viti vya nyuma ndiye aliyezungumza mwisho. Alisema babu yao alilenga vizuri, ila shabaha ilikuwa imesogezwa. Sijui kama Aristotle angeikubali hoja hiyo, lakini mwalimu aliipa alama zote, nami ningefanya vivyo hivyo.

Tuje sasa kwenye filamu, ambako mgogoro wa istilahi ni mkali zaidi kwa sababu unagusa pia mifuko ya watu. Mchezo ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa unapofanywa filamu, tendo hilo tuliiteje? Nimekuta maneno manne yakitumika ovyo: kutafsiri, kutohoa, kurekebisha na kutoa tu, kama katika kauli "wameitoa filamu". Kutafsiri ni kazi ya lugha kwa lugha. Mwalimu Nyerere alipoifanyia kazi tanzia ya Shakespeare, ambayo toleo lake la mwaka 1969 tunalijua kwa jina la Juliasi Kaizari, alitafsiri. Na Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968. Kutohoa tumekwisha kuwapa wanaisimu: ndivyo tunavyosema neno la kigeni linapovishwa sauti za Kiswahili, na kulipa kazi ya pili ni kuwachanganya wanafunzi bure. Kurekebisha kuna maana ya kuondoa ubovu, kama vile mchezo wa Sofokile ulikuwa gari lililoharibika breki.

Neno ninalolipigania ni kuhawilisha, na nomino yake uhawilishaji. Wafanyabiashara wa pwani wanajua hawala ni nini: mimi ninakudai wewe, wewe unamdai Fulani, ukanihamishia kwake, nami sasa namdai yeye. Mdaiwa amebadilika, deni ni lile lile. Sioni taswira inayofaa zaidi kuliko hiyo. Jukwaa lilikuwa na deni kwa watazamaji, deni la huruma na hofu kama alivyosema Aristotle, na deni hilo sasa limehamishiwa kwenye filamu. Filamu ikishindwa kulilipa, haisaidii kusema imefuata kila neno la mwandishi. Na ikililipa, haidhuru kama imeacha nusu ya maneno.

Wapo watakaouliza, na mwalimu mmoja wa Rungwe aliniuliza, je, ile kazi ya Wajapani nayo ni uhawilishaji? Alikuwa na maana ya filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1957 inayotokana na Makbeth. Humo hamna hata beti moja ya Shakespeare. Uskoti umetoweka, pamekuwa Japani ya zama za vita vya mabwana. Wachawi watatu wamekuwa mzuka mmoja anayezungusha gurudumu la kusokotea. Na shujaa haanguki kwa upanga wa adui yake bali kwa mishale ya askari wake mwenyewe. Vivyo hivyo katika filamu ya Kihindi Maqbool ya mwaka 2003, iliyoongozwa na Vishal Bhardwaj, ufalme umekuwa genge la wahalifu wa Mumbai na wabashiri ni polisi wawili wala rushwa. Hapa deni limehama, lakini limehama pamoja na nyumba na shamba.

Jibu nililompa mwalimu yule nilikuwa nimelichukua Mbarali siku mbili kabla, nilikowakuta akina mama wameinama mashambani wakipandikiza mpunga. Mbegu huoteshwa kitaluni. Mche ukishapata nguvu hung'olewa na kupelekwa katika jaruba, kwenye udongo na maji mengine, na huko ndiko huzaa. Haiwi mbegu nyingine, lakini ladha ya mchele hutokana pia na jaruba. Mchezo unapobadilishiwa nchi, zama na watu, tuuite upandikizaji. Basi kila upandikizaji wa mchezo katika filamu ni uhawilishaji pia, lakini si kila uhawilishaji ni upandikizaji. Sinema ya Kirusi ya Hamlet iliyoongozwa na Kozintsev mwaka 1964 imehawilishwa. Hamlet bado ni mwana wa mfalme wa Denmark. Ghana mwaka 1965 walimpandikiza katika filamu Hamile, akawa kijana wa Tongo, kaskazini mwa nchi hiyo.

Wengi hawajui kwamba jaribio mojawapo la ajabu kabisa la aina hii lilifanyika katika ardhi yetu. Mwitalia Pier Paolo Pasolini, aliyekuwa mshairi kabla ya kuwa mwongozaji wa filamu, aliwahi kuufasiri Kiitaliano utatu wa Eskilo uitwao Orestia, ulioonyeshwa Athens mara ya kwanza mwaka 458 kabla ya Kristo. Katika miaka ya mwisho ya 1960 alikuja Tanzania na Uganda na kamera yake kutafuta nyuso na mahali pa kuupandikiza utatu huo Afrika. Alipiga picha Kigoma na sokoni Kasulu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akakiona kinafaa kuwa hekalu la Apolo. Ngoma ya Wagogo akaiweka mahali pa mageuzi makuu ya mwisho wa hadithi. Filamu kamili hakuitengeneza kamwe. Alichokiacha, kilichotolewa mwaka 1970, kina jina lenye maana ya madokezo ya kuandaa Orestia ya Kiafrika, na ndani yake amewaonyesha wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa Roma picha zake na kuwaomba maoni. Baadhi yao walimpinga waziwazi: Afrika si nchi moja, na mambo ya makabila hayasemwi kirahisi hivyo. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ya mabishano ndiyo bora kuliko zote, na heshima yake Pasolini ni kwamba hakuikata.

Kwa mfasiri, hata hivyo, Orestia ina fundo moja lisiloepukika. Mfalme Agamemnoni arudi kutoka vitani, auawa na mkewe. Mwana, Oreste, amwua mama yake kulipiza kisasi cha baba. Ndipo wanapotokea viumbe wa kutisha wanaolinda damu ya jamaa, wakamwandama mpaka mbele ya baraza la Athens. Huko kura zinalingana, naye anaachiliwa. Na wale viumbe, badala ya kufukuzwa, wanapewa makao na heshima mjini, wakaitwa kwa jina jipya lenye maana ya Wenye Hisani. Tuwaiteje kwa Kiswahili? Mashetani haifai, kwani shetani hageuki mwema. Majini nayo yana habari zake nyingine. Pasolini, ambaye hakuwa na haja ya neno, aliwaonyesha kwa picha ya miti mikubwa inayovuma kwa upepo, na ya simba jike aliyejeruhiwa.

Mimi nasema mizimu. Mtu yeyote aliyekulia Nyanda za Juu Kusini anajua kwamba mizimu iliyosahauliwa huleta maradhi na ukame, na mizimu hiyo hiyo ikitambikiwa hulinda nyumba. Haibadiliki tabia, kilichobadilika ni mahali ilipowekwa na walio hai. Hivyo ndivyo hasa Eskilo alivyomaliza mchezo wake. Mfasiri akiwaita mashetani mwanzoni, mwisho wa mchezo utamshinda, na mtazamaji wa filamu ataona kama kwamba pameunganishwa vipande viwili visivyohusiana.

Korasi nitaipitia kwa haraka. Neno hili tumelitohoa na limekubalika, ingawa mara nyingi hulichanganya na kiitikio cha wimbo. Korasi ya Wagiriki ni kundi linalotazama, linalouliza, linaloogopa kwa niaba yetu. Katika filamu huwa la kwanza kuondolewa, kwa kuwa kamera yenyewe imechukua kazi ya kutuonyesha pa kutazama. Lakini msomaji aliyewahi kuketi kwenye banda la video, Mwanjelwa au pengine popote, amemsikia msimulizi anayeifasiri filamu ya kigeni kwa sauti yake, akieleza, akikemea, akimwonea huruma mhusika na kumpa jina la mtaani. Mtu huyu hatafsiri wala hahawilishi. Ameirudisha korasi katika filamu pasipo kujua, na siku moja istilahi yake nayo tutapaswa kuitunza. Kwa sasa msimulizi yatosha.

Nimesema jambo hili linagusa mifuko. Mwalimu mmoja mstaafu wa mkoa wa Iringa alikuwa ameandika mchezo wa tanzia uliochezwa mashuleni kwa miaka. Kikundi kimoja kilimjia, kikamlipa fedha kidogo, wakatia sahihi karatasi inayosema amekipa "haki ya kuutafsiri mchezo". Mwaka uliofuata filamu ikawa inauzwa sokoni. Alipolalamika akaambiwa kwamba haki alikwisha kuiuza: kutafsiri ni kutoa kitu katika hali moja kukitia katika hali nyingine, nao ndivyo walivyofanya. Ofisa aliyeletewa shauri lile hakuwa mtu mbaya. Alituandikia kuuliza neno lina maana gani, nasi ndio tulioandika orodha zenye kulitumia neno hilo kwa mambo yote mawili.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humpa mwandishi mamlaka juu ya kazi yake itafsiriwe au la, na vilevile juu ya kuigeuza iwe kazi ya namna nyingine. Ni haki mbili. Anayeuza moja hajauza ya pili. Lakini mtu hawezi kuzitenganisha katika mkataba wa Kiswahili ikiwa Kiswahili chetu kimempa neno moja tu. Nilimjibu ofisa kwamba tafsiri ni ya lugha kwa lugha, na kwamba kilichofanyika ni uhawilishaji, ambao karatasi haikuutaja. Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Shauri lilipoahirishwa mara ya mwisho niliyopata habari zake, wakili wa upande wa pili alikuwa akidai kwamba neno uhawilishaji halimo katika orodha yoyote iliyosanifiwa inayohusu filamu, kwa hiyo halina nguvu.

Kwa sababu hiyo maneno kosa la shujaa, uhawilishaji, upandikizaji wa mchezo, na mizimu kwa maana niliyoieleza, yanaletwa mbele ya wasomaji kabla ya kupelekwa katika kikao cha usanifishaji. Walimu wa fasihi, hasa wa mikoa ya Mbeya na Iringa walionisaidia, wanaombwa wayajaribu darasani. Maofisa wanaoshughulika na vibali vya filamu na mikataba wayajaribu katika barua. Aliye na neno linalofaa zaidi alilete kwa maandishi, akionyesha limetumika wapi na kwa sentensi gani.

Yule mzee wa Mbeya, nasahau kusema, alibaki akaitazama filamu. Alilipa shilingi mia tano zake.